Sauti Tatu za Siku ya Mafundo

Tarehe ishirini na sita Desemba, saa tatu asubuhi, Anyesi alikuwa uani kwake Nkuhungu akibabua kichwa cha mbuzi juu ya jiko la mkaa. Alikishika kwa sikio moja, akakigeuza, akakwangua manyoya yaliyoungua kwa kisu butu ambacho hakikuwa na kazi nyingine mwaka mzima. Mbuzi huyo alichinjwa jana yake na Khalidi, jirani wa ukuta mmoja, mtu wa Kondoa. Kila Krismasi Khalidi huitwa kuchinja mbuzi wa Wakristo wa mtaa ule ili nyama iweze kuliwa na kila mlango, naye hurudi kwake na shingo, kwa kuwa shingo ni ya mchinjaji. Nyama huliwa siku hiyohiyo. Kichwa na miguu husubiri kesho yake.

Katika nyumba ile kichwa kilikuwa na shughuli rasmi. Marehemu mzee Ndahani, mume wa Anyesi, alikuwa mtu wa reli, na familia aliiendesha kwa ratiba. Ni yeye aliyeamua, wakati watoto wangali wadogo, kwamba siku inayofuata Krismasi iwe siku ya kufungua mafundo. Supu ya kichwa inatokota jikoni, watu wamekaa sebuleni, na kila mwenye fundo moyoni juu ya mwenzake analitaja waziwazi, kuanzia mtoto wa mwisho hadi baba mwenyewe. Aliyetajwa anajibu kwa kinywa chake. Hajibiwi na mtu mwingine. Akisema nimekosa, au akijieleza akaeleweka, wote wawili wanajaziwa mabakuli. Asipojibu, hanywi yeye wala hanywi aliyemtaja. Majirani waliucheka utaratibu huo, mpaka walipogundua kwamba watu wa nyumba ile wakiudhiana mwezi wa tatu hawapigi kelele hata kidogo. Wanajiwekea akiba ya Desemba.

Mwaka huu tena hakuna mtoto aliyekuja. Gaudence, ambaye ana ofisi yenye kiyoyozi na nyumba Area D, alimtuma bodaboda na kreti ya soda na ujumbe kwamba tarehe ishirini na sita watakuwa na wakwe. Kutoka Area D hadi Nkuhungu bajaji haimalizi nusu saa, lakini kuna watu ambao kwao nusu saa ni safari ya kuagwa na kuombewa. Gladness, wa mwisho, aliandika kutoka Dar es Salaam kwamba watoto wanataka kuona bahari, ingawa wanaishi hatua chache kutoka baharini na huiona kila wakienda shule. Anyesi aliwajibu wote wawili kwamba hakuna neno. Kisha akapanga viti vinne sebuleni, akavifuta vumbi.

Kiti cha nne alikiweka karibu na mlango. Kilikuwa cha Lydia, kifungua mimba wake, anayeishi Mpwapwa. Lydia alikuwa na miaka kumi na minne, na barua ya kuchaguliwa sekondari iko juu ya kabati, alipopelekwa Mpwapwa kumuuguza bibi yake mzaa baba aliyevunjika nyonga. Aliambiwa ni muhula mmoja tu. Bibi akaishi miaka kumi na mmoja, na shule haikusubiri. Kila siku ya mafundo Lydia alipanda basi, akaja kukaa kwenye kiti chake na kuuliza atarudi shule lini. Baba yake alimjibu kila mwaka: bibi akipata nafuu.

Siku alipobadilisha swali, akauliza ni nani hasa aliyemchagua yeye, Lydia alikuwa tayari mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Mzee Ndahani alijibu haraka. "Ni mimi, mwanangu. Nimekosa." Lydia hakumtazama baba yake, alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa ameinamia sufuria, anachota supu. Basi Lydia akachukua mkoba wake akaondoka bila kunywa, na tangu siku hiyo imepita miaka kumi na minane. Kwenye msiba wa baba yake alikuja, akapika na wanawake wenzake, na siku ya tatu akaaga. Kila tarehe mosi hupiga simu kwa mama yake. Wanaongea mvua, mifugo na afya, kisha wanatakiana siku njema.

Anyesi alijua ni nani aliyemchagua Lydia. Alijua vilevile kwamba Lydia akija ataulizwa, na sasa hakuna mzee wa kumkingia kifua. Kwa hiyo kila mwaka alitamani mwanawe aje, na kila mwaka jioni ilipofika hajatokea, alishusha pumzi ya nafuu, halafu moyo ukamuuma mpaka mwaka mpya.

Saa tisa na nusu alasiri bajaji ilisimama getini. Dereva aligeuka nyuma, akatazama kiti cha abiria, akapiga honi mara mbili.

"Shikamoo mama. Nimekuletea mgeni," alisema. "Kanielekeza kila kona kutoka Area D, sasa simwoni."

"Nipo, kaka. Asante, niache hapa hapa," ilisema sauti kutoka kiti cha nyuma.

"Haya bosi," dereva akasema, akageuza bajaji akaenda zake.

Ilikuwa sauti ya Gaudence, ileile nzito aliyoipata akiwa kidato cha tatu na kuitunza vizuri tangu hapo. Gaudence mwenyewe hakuwepo. Sauti ilipiga hodi, ikaamkia, ikaingia sebuleni, na paka aliyekuwa amelala kwenye kiti cha pili akashuka kumpisha mwenye kiti.

"Mwenyewe uko wapi?" Anyesi aliuliza.

"Mwenyewe yuko mezani na wakwe," ilisema sauti. "Mimi nimeshindwa kukaa kule, mama. Tarehe kama ya leo nimezoea kuwa hapa."

Anyesi alisema amefanya vizuri. Alisogeza pazia ili jua lisiipige sauti usoni, kisha akakumbuka kwamba haina uso, lakini pazia akaliacha vilevile.

Sauti ya Gladness ilifika robo saa baadaye ikilalamika tangu uani. Ilikuwa imetoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, na imesimama njia nzima, maana kila ilipopata kiti kitupu mtu alikuja akaikalia. Anyesi aliipa pole, akaionyesha kiti chake. Wakati huohuo simu yake ikaanza kulia meseji za kundi la familia. Gladness aliandika kwamba amekauka sauti ghafla, yuko ufukweni anawaita watoto kwa kupiga makofi, itakuwa ni kiyoyozi cha jana. Gaudence akajibu kwamba hata yeye koo limefunga katikati ya maongezi na baba mkwe, na kwamba anatafuta tangawizi. Walipeana pole kwa muda mrefu. Hakuna aliyeuliza mama yao anaendeleaje.

Saa kumi na dakika tano, mlangoni, sauti ya tatu ilisema, "Mbukwa."

Hakuna mwingine katika watoto wake anayeamkia Kigogo. Gaudence na Gladness walikua na shikamoo ya mjini. Huyu alikua na bibi.

"Mbukwa, mwanangu," Anyesi alijibu, na mikono yake ikaanza kukunja na kukunjua pindo la kanga. "Karibu. Umekuja na basi?"

"Na basi," ilisema sauti ya Lydia. Ilikuwa kavu kidogo kwa vumbi la njiani. Ilikaa karibu na mlango.

Kikao kilianza kama ada, kwa mtoto wa mwisho. Sauti ya Gladness ilikohoa, ikasema kwamba mwezi wa saba, mwanawe alipolazwa siku nne, mama yake alimtumia picha ya maua yenye sala ambayo watu walikuwa wanatumiana nchi nzima. Hakupiga simu.

"Nilisubiri simu yako kuliko dawa, mama."

"Nimekosa," Anyesi alisema. "Sikujua niseme nini, nikaona ile sala imesema vizuri kuliko mimi."

Sauti ikasema imeelewa. Anyesi akajaza bakuli, akaliweka mbele ya kiti, na mvuke wake ukapanda moja kwa moja bila kuyumba.

Sauti ya Gaudence ilikuwa na fundo la miaka tisa: kwamba mke wake, mwenye ndoa ya kanisani na watoto watatu, bado huitwa na mama yake "yule mgeni wako".

"Nimekosa."

"Utarudia?"

"Pengine," Anyesi alisema, na sauti zote mbili, ya Gaudence na ya Gladness, zikaangua kicheko. Yeye naye akacheka. Ilikuwa muda mrefu nyumba ile haijabishana, na alijisikia vizuri mpaka akaona aibu. Akajaza bakuli la pili; lake aliliacha kavu mpaka zamu zote ziishe.

"Fundo langu mimi mnalijua," alisema akikaa, akiiruka zamu ya Lydia. "Viti. Nafuta viti vinne kila mwaka, nakaa kimoja."

"Sasa si tumekuja, mama?" ilisema sauti ya Gaudence, nayo ilikuwa imekasirika kweli.

Anyesi alitazama vile viti vitatu, akasema ni kweli wamekuja.

Ikabaki zamu moja. Feni ya darini ilikuwa inazunguka polepole.

"Mimi nina lilelile," ilisema sauti ya Lydia. "Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni nachota maji kwenye pipa. Baba alikwambia uende wewe Mpwapwa, bibi ni mama mkwe wako, mimi niende shule. Ukamwambia humwoshi mwanamke aliyekuita tasa mbele za watu kabla hujanizaa. Ukasema, mpeleke Lydia, shule itamsubiri. Baba akanyamaza. Kesho yake nikafungiwa nguo zangu kwenye kitenge."

Mvuke wa yale mabakuli mawili ulikuwa umeanza kupungua.

"Baba alinijibu mwaka ule, na halikuwa jibu lake," sauti iliendelea. Haikupanda. "Shule imepita, mama. Nina wajukuu. Sidai shule. Nataka useme tu kwamba ni wewe."

"Dada Lydia," ilisema sauti ya Gaudence, "haya mambo ya zamani, na mama sasa hivi ni mtu mzima..."

"Gaudence, hujatajwa."

Anyesi aliitazama ile sehemu ya hewa juu ya kiti cha karibu na mlango. Alikuwa na maneno. Alikuwa nayo kwa miaka mingi, yamepangwa vizuri: kwamba alikuwa na miaka thelathini na minne, kwamba alimwogopa yule mama kuliko alivyowahi kuogopa ugonjwa, kwamba alidhani kweli ni muhula mmoja, na muhula ulipopita ikawa aibu kusema, na aibu ikazidi kila mwaka. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na jioni ileile alikuwa ameshalisema mara mbili bila shida.

"Supu inapoa," alisema, akainuka akaenda jikoni.

Alikaa jikoni muda mrefu kuliko supu ilivyohitaji. Alisimama na upawa mkononi, akalisema lile neno kimoyomoyo, akalisema tena kwa midomo bila kutoa sauti. Aliporudi sebuleni alikuwa amebeba kisahani.

"Nimekata limau," alisema.

Sauti ya Gaudence ilisema inaondoka, mwenyewe atakuwa anasumbuka kule mezani. Sauti ya Gladness ilisema itatembea nayo hadi barabarani kisha itafute usafiri wa stesheni, iwahi treni ya jioni. Ziliaga vizuri, zikabishana getini nani asimamishe bajaji, kisha hazikusikika tena. Mabakuli yao mawili yalibaki mezani yamejaa.

Anyesi alikaa. Tabu ya sauti ni kwamba ikinyamaza huwezi kujua kama ipo au imeondoka. Alikitazama kiti cha karibu na mlango kwa muda, kisha akaanza kukieleza habari za paka. Akakieleza bei ya mkaa. Hakujua anamweleza mtu au anaeleza mbao, na upweke ule ulizidi hata ule wa viti vitupu aliouzoea.

"Hodi wenyewe," Batuli, mke wa Khalidi, aliita, akaingia na sahani ya visheti iliyofunikwa. "Shoga, unaongea na nani?"

"Na Lydia. Sauti yake imekuja."

"Ahaa." Batuli akaweka sahani mezani. "Lydia, hujambo mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo mama Batuli," ilisema sauti karibu na mlango.

Kwa hiyo ilikuwepo. Anyesi alifumba macho kidogo.

"Marahaba. Mwenyewe mzima huko Mpwapwa?"

"Mzima. Nimemwacha anafua."

"Mwambie nimemsalimu. Sauti ya mwanangu Uwesu nayo ilikuja Idi kutoka Maskati, ikakaa siku mbili," Batuli alisema, akijisogezea kiti. "Ilikula maneno yangu yote, ikarudi. Mwenyewe akanipigia simu ananiuliza kwa nini nimemnyamazia. Nitamwambia nini?" Kisha akayaona mabakuli, mawili yamejaa na mawili makavu. Batuli ameishi ukuta mmoja na nyumba ile miaka ishirini na sita na anaijua sheria yake. Alimtazama Anyesi, akakitazama kiti, akasema amesahau kitu jikoni kwake, akatoka.

"Mama," ilisema sauti ya Lydia. "Nasubiri mpaka lini?"

"Utachelewa basi," Anyesi alisema.

"Nitachelewa."

Ilisubiri kidogo tena. Halafu ikasema, "Haya. Mbukwa, mama," na pazia la mlango halikutikisika.

Saa kumi na mbili na nusu, muadhini wa msikiti wa jirani alipokuwa ameanza kujaribu spika, Anyesi alichukua simu. Haikuwa tarehe mosi. Haikuwa kawaida yake kupiga yeye. Mpwapwa iliita mara nne, ikapokelewa, na upande wa pili hapakuwa na neno. Palikuwa na kuku, na maji yanamiminwa kwenye ndoo, na mtu anayevuta pumzi karibu sana na simu.

"Lydia," alisema. "Usihangaike kujibu. Ninajua huwezi. Imeondoka hapa kama saa moja iliyopita, ni nzima, itakuwa kwenye maeneo ya Mbande sasa. Itafika."

Lydia aligonga simu kwa ukucha, mara moja.

Hapo Anyesi alielewa amepata nini. Hakukuwa na swali la kumngojea. Hakukuwa na Gaudence wa kumtetea wala jirani wa kuingia na sahani. Mwanawe alikuwa ameshika simu sikioni, hana uwezo wa kumkatiza, wa kumlaumu, wala wa kumuuliza kwa nini sasa. Angeweza kulisema lile neno na lisijibiwe na mtu yeyote. Alivuta pumzi. Alihisi limefika kooni kabisa.

"Huko kwenu imenyesha?" aliuliza.

Upande wa pili kuku walitulia. Anyesi akaendelea, maana ukishaanza mvua ni rahisi kuendelea. Alimwambia kwamba Nkuhungu walipata manyunyu tarehe ishirini na moja, halafu jua tu. Alimwambia kwamba watu wameshapanda uwele na unaanza kunyong'onyea. Alimwambia ajihadhari na miguu yake, asifue amesimama. Alimwambia kwamba supu mwaka huu ilikuwa nzuri. Kila alipomaliza jambo alinyamaza, akasikiliza, na kila alipokuwa kimya ukucha uligonga mara moja, kuonyesha kwamba mtu yupo.

Alizungumza dakika kumi na moja. Walikuwa hawajawahi kuzungumza muda mrefu hivyo tangu Lydia akiwa na miaka kumi na minne. Alimpenda sana mwanawe katika dakika zile, na alijua waziwazi kwamba anamkosea tena, kwa mara ya pili, na kwamba safari hii hakuna mtu mwingine wa kumbebea lawama.

"Haya, mwanangu," alisema mwishoni. "Mungu akipenda, tutaongea."

Ukucha haukugonga. Lydia hakukata simu pia. Anyesi alimsikia anavuta pumzi, anashusha, anavuta tena, mtu mwenye subira ambaye hajaondoka. Alisubiri naye kidogo. Kisha akaitoa simu sikioni, akatafuta kile kitufe chekundu kwa kidole gumba, akakata yeye.